Kitambulisho cha Apiyo

Jumatatu, 5 Februari 1996
Ofisi ya vitambulisho tena. Mara ya nne. Karatasi ya kusubiria imeshachanika kwenye mikunjo. Karani alipekua sanduku, akaniangalia usoni, akacheka. Ati nilishachukua mwezi uliopita, nimesahau?

Sijachukua kitu. Kiwanda cha nguo kinanitaka Jumatatu ijayo, kitambulisho kipya mkononi. Nikikosa, nafasi ni ya mwingine.

Jumanne, 6
Mwenye uso wangu ni mmoja tu. Pacha wangu, Adongo. Tunakaa chumba kimoja hapa Nyalenda. Nimemuuliza kama chake kimetoka. "Bado." Alikuwa anasugua sufuria safi.

Naona aibu kumshuku. Namshuku tu.

Jumatano, 7
Siku ya picha za kitambulisho, Mama alitaka tuvae sawa, gauni za bluu, kama alivyotuvalisha tangu utotoni. Pacha hawatengwi. Tukapigwa picha, tukatiwa wino vidoleni, tukasalimisha vitambulisho vya zamani, mmoja nyuma ya mwingine.

Adongo haachi mkoba siku hizi. Leo kaenda nao bombani. Mkoba, kuteka maji!

Alhamisi, 8
Nimeupekua. Sijuti. Kadi ilikuwa ndani ya Agano Jipya. Jina langu, uso wetu.

Nilimwita mwizi. Alilia.

"Yangu walifuta, Apiyo. Ati kompyuta ya Nairobi iliona ni mtu moja ameomba mara mbili. Nikasema basi mimi ni Apiyo, wanipe hiyo. Polisi wakinishika nitaonyesha nini?"

Hasira bado ninayo.

Ijumaa, 9
Tumeenda wote wawili. Karani alituangalia, akaangalia kadi, hakucheka. Tujaze malalamiko. Lakini kadi irudi Nairobi kwanza, mpaka ijulikane nani ni nani. Miezi, pengine zaidi.

Nilikuwa namkabidhi kadi. Adongo akanishika mkono.

"Wacha, twende. Jumatatu unaanza kazi."

Tukarudi nyumbani na kadi. Nilijichukia.

Jumatatu, 12
Nimeanza kazi. Mlinzi wa lango aliiangalia kadi vizuri. Mimi hakuniangalia.

Asubuhi Adongo alinipikia uji, kisha akaenda sokoni kwa vichochoro, polisi wasimwone. Niliporudi nikaiweka kadi mezani, nikaenda kuoga.

Sasa ametoka tena kuuza dagaa wa omena. Kadi haipo mezani. Sijapekua popote.