Reale Iliyofutika Uso

Ibra, Sharqiya

Kwa Dada yangu Rayya,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimekuachia, na dawa unainywa badala ya kuiweka dirishani na kuitazama, kama nikujuavyo. Sisi huku miili ni mizima. Joto limeanza kupungua, na tende zetu za Al Qabil zimeshavunwa, ingawa mwaka huu hakuna aliyekaa barazani kuzichambua na kuwagombeza vibarua. Chumba cha Mama kiko vilevile. Mpaka leo nikipita usiku naufunga mlango wake taratibu, kana kwamba amelala.

Jirani yako Bi Shariffa amefika salama na amenipa bahasha mkononi. Barua yako nimeisoma mara nyingi, wala si ndefu. Umeandika kwamba reale hii ya fedha uliyoitia ndani iuzwe, pesa zake zifanyiwe khitma ya Mama, na kwamba wewe hudai wala hudaiwi. Dada, bora ungenitukana. Sikukupigia simu kwa makusudi, kwa sababu kwenye simu ungenikata, nami ninayo mengi ya kukwambia. Karatasi haikatwi. Ukiitupa, utaiokota tena ujue imesemaje.

Kitambaa kilichoifunga nilikitambua kabla sijakifungua. Ni kile kipande cha kanga ya Mama, na fundo ni la mkono wake. Alinisimulia hata nikachoka kusikia: siku ya safari ya kuhamia huku alirarua pindo la kanga aliyojifunga, akakufungia wewe reale moja, ya pili akajifungia mwenyewe. Zilikuwa mbili tu zilizobaki katika zile ambazo babu yake alilipwa na Wamarekani waliokuja Unguja kununua pembe na karafuu. Mimi ya siku ile nakumbuka viatu vyangu vipya tu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulibaki Unguja kwa sababu Bibi alikuwa haoni na hakukubali kuhama, na Mama alisema ni kwa muda mfupi. Alikwambia, "Tukionana tutazilinganisha." Muda mfupi ukazaa miaka. Baba akafia huku, karatasi zikakwama, na zilipokwamuka wewe ulishaolewa.

Alipokuja kukutazama ulikuwa na watoto wakubwa. Ulimpikia biriani, ukamtandikia shuka mpya, ukamwita kwa heshima zote. Akakuuliza habari ya reale, ukamjibu hujui ilipo. Aliporudi nilimuuliza safari ilikuwaje. Akasema, "Amenipokea kama mgeni, na mgeni hana la kulalamika. Reale ameipoteza. Ni haki yake." Hakuitaja tena mbele yangu. Kumbe ulikuwa nayo, Dada. Ilikuwa ndani ya nyumba ileile aliyolala, na fundo hujalifungua.

Sikufichi, siku hiyo nilikukasirikia. Nikasema basi, ameagiza iuzwe, na iuzwe. Nikatia ukwaju kwenye bakuli niisugue ing'ae, maana ilikuwa imefanya weusi, na kwetu fedha haitoki mlangoni na weusi. Mwanangu Asma akanikamata mkono. Umekisikia Kiswahili chake kwenye simu. "Mama, usiosha hii, wallahi," akasema. "Rangi yake nyeusi ndiyo bei." Nikamcheka, nikamwambia tangu lini uchafu ukawa mali. Akaniwekea simu mbele ya uso, na kweli, wanunuzi wa sarafu za zamani hawataki iliyosuguliwa hata kidogo. Kumbe kila Idi tulikuwa tukiiharibu mali kwa ukwaju.

Alhamisi akanipeleka Nizwa kwa gari. Katika soko la fedha kuna mzee mmoja anayezijua sarafu za kigeni, mzaliwa wa Tabora, na Kiswahili chake cha bara kinanyooka kama barabara ya lami. Nilichukua na ile ya Mama, nikidhani ikiwa na pacha wake itasaidia kujulikana. Akatandaza kitambaa cheusi juu ya kaunta akazilaza pamoja. Hapo ndipo zilipolinganishwa, Dada. Si kiganjani mwa Mama wala mwako, bali dukani, huku nyuma yangu watu wanabishania bei ya jambia.

Yako aliianza kwa furaha. Akaipima, akaipitishia sumaku, akaizungusha ukingo chini ya kioo chake, akaniita nami nitazame. Wewe hujawahi kuitazama, kwa hiyo nakueleza. Kuna mwanamke amekaa ufukweni juu ya marobota ya mizigo, ameunyoosha mkono mmoja kuelekea baharini, na mkononi ameshika kitawi. Upande wa pili kuna tai, na chini yake wameandika uzito wa fedha iliyomo, kwa sababu, alivyosema mzee, Wamarekani walizipiga dola hizi kwa biashara ya ng'ambo, ili mtu asiyeijua nchi yao aweze kuziamini. Kuna pia herufi ndogo ya kuonyesha mji ilikopigwa. Akasema thamani inasomwa mahali palipoinuka, yaani goti, kifua na vidole, maana hapo ndipo pa kwanza kulika. Yako ina vidole vyote. Hata kucha unaweza kuzidhania. Bei aliyoitaja ni ya kununulia friji kubwa na ukabakiwa na ya kulijaza.

Kisha akaigeukia ya Mama, na kwanza aliishuku kuwa bandia, kwa sababu uzito wake haukufika. Ikabidi azigonge moja baada ya nyingine, na zikalia sauti moja. Akasogeza taa na kioo, akaipata ile herufi na mwaka uleule. Kweli ni pacha. Lakini mwanamke wa upande huu hana uso, hana kifua. Mkono wa kuelekea baharini haupo kabisa. Kilichobaki ni mtu aliyekaa, basi. Tai wa nyuma amesalimika zaidi. Mzee akairudisha kwenye mizani, akasema hii ni ya kuyeyusha.

"Imetumika sana hii, mama," akaniambia. "Imepita mikono mingi sokoni."

"Haijafika sokoni hata siku moja," nikamjibu. "Imepita mkono mmoja."

Akavua miwani akanitazama. Asma akaanza kulia pale pale, na mimi nikajifanya natafuta mkoba.

Wewe hukuwapo, kwa hiyo nitakwambia nilichokuwa nikikiona kila siku bila ya kukitia maanani. Mama alikuwa na reale ile katika pindo la nguo yake muda wote. Akikaa kusubiri simu, kidole gumba kinakwenda juu yake, mbele na nyuma, kama anayempangusa mtoto uso. Mkasikilizana kwenye simu maneno yenu yale mafupi, salama, salama, kisha anakaa tena na kuendelea. Nilikuwa nikimwambia, Mama, utatoboka kidole. Akicheka. Siku tulipomwosha, mwoshaji alikisugua kile kidole gumba akidhani ana doa la hina, halikutoka. Akaniuliza ni nini, nikasema sijui. Nilikuwa kweli sijui. Nimejua Nizwa.

Sasa nisikilize, mkubwa wangu. Ulikuwa ukisema Mama alikusahau. Naye amekufa akiamini kwamba umeitupa amana yake. Nyote wawili mlikosea, na hakuna tena wa kumwita mwenzake amwambie. Hilo ndilo linaloniliza, zaidi ya kifo chenyewe, maana kifo ni cha kila mtu. Ile yako imebaki mpya kwa sababu hukuifungua. Nimejiuliza kama ni hasira au ni kuchunga, na nadhani hata wewe hujui. Mimi nachukulia kwamba asiyejali hahifadhi fundo umri mzima.

Khitma imeshasomwa, tumeitoa sisi wenyewe, na watu walikuwa wengi hata nje ya ukumbi. Kwa hiyo hakuna haja ya kuuza kitu. Ya Mama nakutumia kwa mkono wa Bi Shariffa, katika kitambaa kilekile, fundo nimefunga mimi na si zuri kama lake. Mjomba Seif na mimi ndio warithi wenzako, na sote tumeridhia iwe yako peke yako. Sikuombi uniandikie kwamba umemsamehe. Nakuomba uishike tu, uweke kidole gumba pale uso ulipokuwa. Pana bonde dogo, utaliona mwenyewe. Ukishaliona, ukitaka kusema hudai wala hudaiwi, sema.

Mjomba anakusalimu sana, anasema miguu ndiyo inayomkatalia, vinginevyo angekuja kukuchukua mwenyewe kwa sikio. Asma anakubusu mkono, mama yake mkubwa asiyemwona ila kwa picha. Nisalimie shemeji, umwambie shikamoo yangu aipokee vizuri. Nisalimie mkweo, na yule mjukuu wako mwenye jina la Mama, umbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu.

Yako, ile ya thamani, nimebaki nayo mimi. Si ya kuuzwa, na kwa posta siitumi. Njoo uichukue, tukazuru kaburi pamoja, kisha tuzilinganishe zote mbili hapa sebuleni kama mlivyoagana. Nyumba ina nafasi. Lakini usikawie, Dada. Nimeifunga katika pindo la nguo yangu, na jioni nikikaa kukusubiri nakuta kidole chenyewe kimeshaanza. Asma ananipigia kelele kwamba naiharibu bei.

Mdogo wako,
Zuwena