Miti ya Wajumbe

Kwako Dada,

Shikamoo. Naandika nikitumaini kile kikohozi kimekuachia nafasi ya kulala, na kwamba watoto wanakula vizuri na wanagombana kwa kiasi. Sisi huku tuko salama. Mama anatembea, anakula, anawakosoa majirani, kwa hiyo afya yake isikutie wasiwasi. Goti la kushoto bado linamsumbua asubuhi, ila ukimuuliza anasema tatizo si goti, ni ngazi za nyumba hii, zilizojengwa na fundi asiye na mama.

Barua yako niliipata siku kumi na sita zilizopita. Niliisoma stoo, nimekaa juu ya gunia la mbolea, nikaikunja, nikaendelea kujaza udongo kwenye viriba vya miche mpaka saa ya kufunga. Uliniuliza mambo mawili na ukanitaka nisikuzungushe. La kwanza, kama ni kweli shemeji alizembea kazini, kama barua ya shirika ilivyosema. La pili, kama alikuwa na mtu huku. Ulisema mwanamume aliyepoteza kazi hulalamika, hulaumu wakubwa, hutukana hata kuku, lakini wako amerudi mwezi wa pili sasa yuko kimya kama maji mtungini. Ukasema ukifika mwisho wa mwezi hajajieleza, utamwambia arudi kwao. Mwisho wa mwezi umebakiza siku tano, ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa ofisi aikabidhi mkononi mwako.

Niruhusu nianzie mbali kidogo, maana wewe hukuwahi kufika kazini kwetu na shemeji si mtu wa kusimulia.

Shirika letu la hifadhi lina vyumba vitano, gari moja, wafanyakazi tisa na wajumbe wa bodi kumi na wawili. Yaani kila mfanyakazi ana mjumbe wake, na watatu wanabaki wa kugawana. Si watu wabaya. Wanakuja mara nne kwa mwaka, wanakaa kwenye chumba kirefu chenye ramani ya mito ukutani, wanakunywa chai na kusema kwamba mambo yaharakishwe. Mwenyekiti ni mpima ardhi mstaafu, mzee mtaratibu ambaye mpaka leo hawezi kuangalia kitu bila kufumba jicho moja. Mkurugenzi wetu ni kijana kwake, na anamwogopa.

Kazi yangu ni kitalu. Shemeji ndiye aliyenitafutia, hilo unalijua. Yeye alikuwa afisa wa bonde, kule kwenye chemchemi zinazolisha vijiji vya chini. Mimi naotesha miche, yeye anaipanda, kisha anarudi kuihesabu. Ofisini walimpachika jina la Daftari, kwa sababu hukumwona bila lile daftari lake la jalada gumu kwapani. Mche uliokufa aliufunga kitambaa chekundu na kuuandika, na mwisho wa mwaka aliisoma idadi ya waliokufa mbele ya bodi kwa sauti ileile aliyotumia kuisoma ya walio hai. Wafanyakazi wengine tulikuwa tunaangalia chini.

Sasa, miaka mitano iliyopita bodi iliamua kwamba wajumbe nao wapande miti. Ikachaguliwa sehemu ya kilima iliyo nyuma ya ofisi, inayoonekana kutoka dirisha la chumba cha mikutano. Kila mmoja alipanda mche wake, mbele yake kikachomekwa kibao chenye cheo chake na tarehe. Ikawa desturi kwamba siku ya mkutano mkuu wa kila mwaka wanapanda kilima kuitazama miti yao na kupigwa picha, kila mtu na wake. Wageni wanaotusaidia nao hupelekwa huko kabla hawajaonyeshwa kitu kingine. Kilima chenyewe ni kifusi kilichobaki ofisi ilipojengwa, changarawe na vipande vya matofali. Udongo ni jina tu.

Nilipewa mimi niitunze. Basi tangu hapo, kila mwaka bodi inapopanda kilima, inakuta miti kumi na miwili, mizima, ya kijani. Hakuna hata mmoja uliowahi kukosekana. Mwenyekiti alikuwa anawaeleza wageni kwamba aina aliyopanda yeye hukua polepole kwa sababu inajenga mizizi kwanza.

Mwaka huu aliingia mjumbe mpya, mwalimu mkuu mstaafu, mama anayekaa wima utadhani amemeza rula. Tumwite Mwalimu, ndivyo anavyopenda. Kabla ya mkutano wa miezi miwili iliyopita aliomba takwimu zote, akachora jedwali lake mwenyewe. Mimi nilikuwa ndani siku hiyo, nimeitwa kuandika kumbukumbu kwa sababu katibu muhtasi aliugua. Mwalimu akasimama na kusoma: miti ya kilimani, mia kwa mia hai. Miche ya bondeni, arobaini na moja kwa mia. Akasema miche imetoka kitalu kimoja, mvua ni moja, na kwa maelezo aliyopewa udongo wa bondeni ndio bora. Kwa hiyo, akasema, kilichobaki kutofautisha ni mtunzaji. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasahihisha daftari la mwanafunzi, na kwa karatasi alizopewa, alisahihisha sawa.

Mkurugenzi akaangalia simu yake. Mwenyekiti akanigeukia mimi na kuniuliza, kwa upole kabisa, mimi nafanya nini kilimani ambacho hakifanyiki bondeni. Nikasema namwagilia jioni na kutandaza majani makavu kwenye mashina. Kisha nikainama nikaandika jibu langu mwenyewe kwenye kumbukumbu, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri tu.

Akaulizwa shemeji kama ana la kusema. Daftari lilikuwa limefungwa, liko magotini. Alisema takwimu zake ni kama alivyoziandika, hana la kuongeza. Wakampigia kura. Wajumbe tisa walitaka mkataba wake usiongezwe, watatu hawakuinua mkono upande wowote. Barua aliyokuja nayo nyumbani, yenye lile neno uzembe, iliandikwa siku hiyohiyo.

Juma lililofuata Mkurugenzi akaniita na kunipa nafasi yake. Bonde likawa langu, kitalu kikabaki changu. Nilikubali, Dada. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri. Nilikwambia kwa simu kwamba nimeongezewa majukumu, ukanipongeza.

Nimekuwa nikishuka bondeni tangu hapo. Kazi ya kwanza niliyopewa ni kuhesabu upya, kwa sababu Mwalimu alitaka kujua uzembe umetugharimu kiasi gani. Nilitembea siku nne na buti za shemeji, maana zilibaki stoo na zangu zilikuwa zimetoboka. Mwaka jana ilipandwa miche mia tano thelathini. Nilihesabu vitambaa vyekundu mia tatu na kumi na viwili. Daftari lake linasema mia tatu na kumi na miwili. Kila shina lilikuwa limepaliliwa, hai na lililokufa. Nilikaa kwenye jiwe pale kwenye chemchemi nikalia kidogo, kisha nikanawa uso, kwa sababu dereva alikuwa ananisubiri juu. Wakati huo barua yako ilikuwa mfukoni mwangu siku ya tatu.

Nimezunguka vya kutosha. Sikiliza sasa.

Miti ya wajumbe hufa. Kiangazi cha kwanza ilikufa saba, na wa Mwenyekiti ndio uliotangulia. Nilimpeleka Mkurugenzi akaone. Akaupinda kidogo, ukakatika mkononi mwake, akasema angefurahi sana siku ya mkutano mkuu asiuone ukiwa hivi. Hakuniambia niufanyeje, nisimsingizie. Alfajiri nilichukua mche wa aina ileile na kimo kilekile kutoka kitaluni, nikang'oa mkavu, nikapanda mbichi, nikafukia na kutandaza majani makavu. Yale majani ni kweli, ndiyo kweli pekee niliyoiambia bodi. Nikafanya hivyo kwa yote saba. Mwaka uliofuata nikawa tayari na miche ya akiba kwenye viriba vikubwa, inakua pembeni kwa vipimo. Miaka mitano, Dada. Katika ile kumi na miwili, miwili tu ndiyo iliyopandwa na mkono wa mjumbe. Hiyo mingine ni yangu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nimelijibu. Shemeji hakuzembea. Bondeni miche ilikufa kama miche inavyokufa, na arobaini na moja kwa mia ni kazi ya mtu hodari. Aliachishwa kazi kwa kulinganishwa na uongo, na aliyeutunza uongo ni mdogo wako.

La pili ni gumu zaidi kuliandika. Shemeji alijua. Mwaka wa pili alinikuta kilimani asubuhi na mapema, toroli limejaa, miche mikavu chini na mibichi juu. Hakunigombeza. Aliniambia tu niwe naandika, kwa sababu ipo siku mtu atakuja kulinganisha. Nilimwambia ni mwaka huo tu. Akashika toroli akanisaidia kulishusha, na hakulizungumzia tena. Sasa fikiria yule mtu amekaa kwenye chumba kile, anasikia nikisema namwagilia jioni. Sentensi moja ingemtosha. Aliniangalia, halafu akasema hana la kuongeza.

Baada ya mkutano nilimfuata kwenye ngazi za nje. Yeye ndiye aliyeanza kusema. Alisema Mama yuko kwangu na nyumba ni ya shirika, nikifukuzwa Mama atalala wapi. Alisema mmoja wetu akiondoka inatosha, na yeye ana mikono, atapata kitu. Kisha akaniomba nisikwambie. Alisema wewe na mimi tumebaki wawili tu, na hataki miche itugombanishe. Nikamkubalia. Hilo nalo nilimkubalia, upesi kama nilivyoikubali kazi yake.

Hana mtu mwingine, Dada. Anachokuficha ni mimi.

Juzi nilipiga moyo konde nikaenda kwa Mwenyekiti, nikamweleza yote. Aliuliza ni miti mingapi, nikamwambia. Akauliza na wa kwake. Nikamwambia uliopo sasa ni wa nne. Akainuka akaenda dirishani, akatazama nje akiwa amefumba jicho moja. Alikuja kuuliza kama ule aliopiga picha na mjukuu wake ulikuwa wa tatu au wa nne. Nilimwambia wa tatu. Akasema niandike kila kitu kwa mkono wangu na nitie sahihi, kwamba atakisoma mwenyewe mbele ya wajumbe Alhamisi. Hakuniahidi chochote, si kwa ajili yangu wala kwa ajili ya shemeji. Nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba lile neno uzembe lifutwe kwa barua, kwenye karatasi ya shirika, yenye mhuri. Alisema amesikia. Tangu jana Mkurugenzi tukipishana kwenye korido anaangalia ramani.

Mama nimemwambia jana. Nilidhani ataulizia nyumba. Aliuliza kama wewe umeshajua, nikasema bado, akasema basi niache kumsimulia yeye nikakae niandike. Mabegi ameshaanza kuyapanga, ya kwake na ya kwangu, na anasema amefurahi kuachana na hizi ngazi. Usihangaike kututafutia nafasi hapo kwako. Dereva ana chumba cha uani ambacho hakina mtu, ametupatia mpaka nijue la Alhamisi.

Nimevunja ahadi niliyompa mume wako, na akikasirika ana haki. Mwambie nimechoka kulindwa kwa gharama yako. Wewe ukitaka kunikasirikia mwaka mzima, nakubali. Lakini leo, kabla hujaikunja karatasi hii, nenda pale alipokaa. Miezi miwili amekula chakula chako ukimtazama kama mwizi, na amekaa akitazamwa hivyo ili mimi nibaki dada yako.

Nisalimie watoto mmoja mmoja, waambie mama yao mdogo anawakumbuka. Mama anakuombea. Ukiwa na jibu mpe dereva, atalala hapo mjini kwenu na kurudi kesho. Ukiwa huna, mpe chai tu aende.

Mimi mdogo wako