Nondo Saba Ndani ya Bakuli

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kuna mchezo unaendelea hapa. Phanice, msuguaji wetu, ameleta mabakuli kumi na mawili, nimerudisha tisa. Tisa! Nimeyatia chaki nyekundu kwa mkono wangu. Wachongaji wa kule kijijini Tabaka hawajakosea kitu, jiwe ni zuri, lakini mng'ao umelala. Huyu msichana anaruka msasa wa mwisho halafu anafunika uvivu wake kwa nta.

Mimi si wa kudanganywa kwa nta. Miaka kumi na tisa nakagua mawe ya sabuni kwa Mzee Hasmukh, na kipimo changu ni kimoja. Dirisha la karakana lina nondo saba. Inua bakuli, zihesabu humo ndani. Zikitoka saba, nyembamba, kila moja peke yake — limeiva. Zikiungana, lirudi kwenye beseni.

Leo nimehesabu nne. Lingine tatu.

Na ni mimi niliyemtoa kwao Nyamarambe hajui hata kulowesha msasa!

Jumatano, 11 Juni

Nimemvizia. Nilisimama nyuma ya mlango karibu nusu saa. Msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, yote ndani ya maji, mpaka vidole vyake vikakunjamana. Hakuruka hata mmoja. Lazima aliniona! Mtu akijua anatazamwa huwa mtakatifu.

Nta nimeinusa. Inanuka nta. Lakini siku hizi hata feki inanuka vizuri.

Balbu za ofisini nazo zimeota nywele, mwanga umetawanyika pande zote. Palak, mke wa mtoto wa Mzee, ananunua za bei ya chini. Nimemwambia. Amesema ni zile zile za mwaka jana. Haya.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeingia karakana, Palak na Phanice wakanyamaza. Walikuwa wanaongea nini? Palak akachukua bakuli nililotia chaki, akaligeuzia dirishani, akahesabu kwa sauti. Saba! Akacheka. "Mama Mose, hii iko sawa kabisa, angalia vizuri."

Niangalie vizuri. Mimi!

Phanice hakucheka. Alinitazama tu, muda mrefu. Huyo ndiye wa kuogopa.

Nimemwandikia Mzee barua. Phanice aondoke kabla kontena la mzigo wa ng'ambo halijafungwa. Najua ana watoto wawili na mkubwa ameingia Form Two mwaka huu. Imeniuma kuandika, sisemi uongo. Lakini mnunuzi akikuta bakuli limefifia hatauliza Phanice ni nani. Atauliza nani alikagua.

Ijumaa, 13 Juni

Mzee amesoma barua mara mbili, akavua miwani. Ameamua: Jumatatu saa nane mchana, sote dirishani, bakuli moja la Phanice, mimi nihesabu mbele ya watu. Nikisema halifai, Phanice anaenda nyumbani siku hiyo hiyo. Neno langu linatosha, amesema.

Linatosha! Sasa tuone nani atacheka.

Jumapili, 15 Juni

Sijui niandikeje.

Baada ya kanisa nilitoa bakuli langu kabatini. Lile la kwanza kabisa, nililosugua siku tatu, Mzee akanipa niende nalo. Limefungwa kwenye kitambaa, haligusi mtu. Nilitaka kulipeleka kesho, waone mng'ao ni kitu gani.

Nimelifungua. Limelala!

Kwanza nikasema limebadilishwa. Nikamshuku Mose, mwanangu mwenyewe, kwamba ameliuza na kuniwekea jingine. Nikaligeuza chini, alama yangu ipo.

Basi nikafanya ninavyowafundisha wasichana. Sogeza kichwa. Mng'ao wa kweli hauna makao, ukisogea nao unateleza juu ya jiwe. Doa halitelezi, limekaa pale pale, ukizungusha jiwe linazunguka nalo.

Nikazungusha bakuli. Ukungu haukuzunguka. Nikasogeza kichwa. Ukungu ukaja nami. Nikatazama ukutani kwenye kalenda — uko. Nikatazama mlango. Uko.

Nikapitisha kidole ndani ya bakuli. Laini kabisa, hakuna hata mkwaruzo.

Nikafumba jicho la kushoto: nondo hakuna. La kulia: mbili, na kivuli. Dirisha la hapa nyumbani lina nne.

Mabakuli tisa. Ee Mungu wangu, na barua.

Jumatatu, 16 Juni. Saa nane kasoro

Naandika stoo, juu ya gunia la nta. Nasikia wanapanga meza.

Nikisema saba, nani atajua? Phanice anabaki, na mimi nabaki, kontena linaenda na chochote kilichomo. Nikisema ukweli, kuna duka gani linaweka mkaguzi asiyeona? Wanasema kuna upasuaji wa macho. Labda. Na labda mpaka nipone kiti kitakuwa na mtu.



Phanice mwenyewe ametumwa kuniita. Nikadhani amekuja kunitukana, ana haki. Amesimama mlangoni, hakunitazama usoni. Amesema, "Mama, nishike mkono. Kwa ile ngazi ya pili kuna maji."

Sikuyaona hayo maji. Hata sasa nikikaza macho siyaoni.

Basi anajua. Tangu lini? Tangu Alhamisi, aliponitazama vile? Au kabla? Tisa niliyarudisha na yeye akayasugua upya, yote, bila neno. Na Palak, je, amemwambia?

Halafu amenisogelea, akasema kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu ya Ekegusii, wale wa mezani wasielewe. Nisihangaike na bakuli. Nikifika pale niseme saba tu.

Nimemwambia angoje nifunge daftari. Anangoja. Mkono bado ameunyoosha, mweupe wa vumbi la mawe.