Nilihubiri Shamba la Jirani Yangu

Kwako Mama Nyaruai wa gazeti,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho maana haya mambo nimeshindwa kumwambia pasta, na mzee wangu Thuo nikimgusia anasema hayo ni ya wamama, nijipange. Mimi ni mkulima hapa Ndalu, mama wa watoto wanne, niliokoka mwaka wa tisini na moja, na Mungu amenipa kipawa cha kuona mafundisho ya imani kwa vitu vidogo vidogo vya nyumbani, sijui kama unanielewa. Ng'ombe akipiga ndoo teke wakati wa kukamua, mimi naona fundisho. Nikisahau chumvi kwa githeri, naona fundisho. Siku moja chupa yetu ya chai ilipasuka kioo cha ndani lakini nje ikabaki inang'aa na maua yake, nikaenda nikafundisha wamama juu ya moyo na sura ya nje mpaka mmoja akalia, na tangu hapo kila Alhamisi tukikutana kwa nyumba ya mtu lazima waniulize, haya mama wa mifano, leo umetuletea nini.

Sasa nikwambie ukweli, ukitakiwa kuleta kitu kila wiki, ya kwako yanaisha. Mimi yangu yaliisha kama mwaka juzi hivi. Ndipo nikaanza kuangalia nje ya ua.

Jirani yangu anaitwa Cheptoo, mama Kimaiyo. Tumepakana miaka kumi na moja, katikati yetu ni ua wa kayaba tu, na yeye ndiye alinizalisha kitinda mimba wangu kwa mikono yake kabla gari halijafika. Mwaka huu mwezi wa pili dada yake Chelagat, ambaye ameolewa huko juu mlimani upande wa Kapsokwony, alifiwa na bwana yake, na hata matanga hayajaisha vizuri shemeji zake wakamwambia ati mvua ikinyesha na shamba lisipopandwa, basi ni dhahiri halihitaji, ndugu ya marehemu ataingia na ng'ombe wake alime. Chelagat hakuwa na hata punje ya mbegu. Cheptoo naye hangeweza kumwomba bwana yake Kiptum, kwa sababu Kiptum na watu wa upande ule hawaongei tangu mambo fulani ya ng'ombe wa mahari, ni hadithi ndefu. Lakini Kiptum alikuwa amenunua mifuko sita ya mbegu ya haibridi akaiweka ghalani. Cheptoo akachukua mitatu akaituma mlimani. Halafu akachagua mahindi makubwa makubwa ya mwaka jana, akapukuchua, akayachanganya na ile dawa ya rangi iliyobaki kwa mifuko ya zamani mpaka yakafanana na mbegu ya duka, akajaza mifuko mitatu akairudisha mahali pake.

Najua haya yote kwa sababu nilikuwa nimeketi hapo hapo ghalani nikimsaidia kupukuchua. Akaniambia, "Mama Muigai, hii ni yetu wawili na Mungu." Nikasema amina.

Wewe kama umewahi kulima unajua haibridi ukiirudisha shambani mara ya pili haizai vile ilizaa. Kufika mwezi wa saba nusu ya shamba la Kiptum, ile ya chini, ilikuwa aibu, mengine marefu, mengine mafupi, mahindi yenyewe madogo yenye meno ya kuhesabika, na ile nusu ya juu imesimama vizuri ajabu. Kiptum akapandwa na hasira akaenda Kamukuywa dukani kwa Rotich, yule aliyemuuzia mbegu, akamtukana mbele ya wateja kwamba anauzia watu mbegu bandia. Mimi nilisikia, nikanyamaza, maana nilikuwa nimesema amina.

Basi ikafika Alhamisi moja sina kitu. Nimeamka sina, nimekamua sina, nimefua sina. Nikiwa njiani kwenda ushirika nikapita kando ya lile shamba, na fundisho likaja lenyewe, Mama Nyaruai, kamili kabisa. Nikafika, nikasimama, nikasema, kuna imani ya kununua na kuna imani ya ghalani. Kama umekuja kanisani kwa sababu mama yako alikuwa mwombaji, wewe ni mbegu ya mwaka jana, kwa mkono unafanana na ile nyingine, hata rangi umepakwa, lakini mwezi wa saba utafika na shamba litasema. Na ili wanielewe vizuri nikasema kuna mama mmoja namjua, sitamtaja, alichagua mahindi ghalani akayapaka dawa ili bwana yake asijue.

Jina sikulitaja, nakuapia. Lakini wote wanapita kwa lile shamba kila siku. Na Cheptoo alikuwa hapo akimimina chai. Nilimwona ameinua birika ameacha kumimina, na bado nikaendelea, kwa sababu wamama walikuwa wametulia wakinisikiza vile hawajawahi. Nimeandika hiyo ili ujue sikufichi.

Kabla jua halijashuka Kiptum alikuwa ameambiwa. Hakumpiga, namshukuru Mungu. Alimnyang'anya tu ufunguo wa ghala, akarudi kwa Rotich kuomba msamaha mbele ya watu wale wale, na tangu siku hiyo akitaka kumwambia mama Kimaiyo kitu anatuma watoto. Anaamini aliiuza ile mbegu. Cheptoo hajamwambia ilienda wapi, na naelewa, anaogopa Kiptum atapanda mlimani kuleta fujo na dada yake apoteze shamba. Kwa ushirika haji tena, Jumapili haji, na maji siku hizi anachotea mto wa mbali ndiyo asipite kwangu. Nilimtumia kilo mbili za sukari zikarudishwa.

Juzi tukakutana posho mill, watu wawili tu kwa laini, hakuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia, si mimi sikutaja jina lako. Akaniangalia, akasema polepole, "Heri ungetaja langu, na la Chelagat pia." Akabeba debe lake akaenda na mahindi yake bila kusaga.

Hayo maneno ndiyo yamenimaliza. Maana ni kweli ya dada yake sikuyasema, na si ati nilisahau. Niliyaacha kwa sababu yangeharibu fundisho.

Sasa pasta ametoa jina langu kwa mkutano mkubwa wa wamama utakaofanyika Kitale mwezi wa kumi na moja, watatoka Trans-Nzoia yote na Bungoma, na anataka nitoe hilo fundisho la mbegu ya ghala, anasema wamama wanne walitubu kwa sababu yake, na ni kweli walitubu. Wengine wananiambia nisijisumbue, Cheptoo alidanganya bwana yake na Mungu akaweka wazi. Nikikataa kwenda Kitale, si nitakuwa nimezima kazi ya Roho? Na nikienda, nitasimamaje hapo mbele? Mimi namtaka rafiki yangu arudi lakini pia naogopa kukosea Mungu, nifanyeje?

Ni mimi,
Mama Muigai, Ndalu.

*

Mama Muigai ambaye si Mama Muigai,

Naanza na kazi uliyonipa kabla sijakujibu. Nimekaa asubuhi nzima nikibadilisha majina kwa barua yako, la kwako, la jirani, la bwana yake, la mwenye duka, la dada na huko alikoolewa, hata la kijiji na soko, na mambo mengine nimeyageuza. Wewe ulituandikia ya kweli yote, na ukatueleza hata shamba liko upande gani wa njia ya kanisa. Umeambiwa ni siri ya watu wawili na Mungu, ukaipeleka kwa ushirika, na sasa unaileta kwa gazeti linalosomwa mpaka Suam. Kiptum naye anajua kusoma. Mama, una shida na mdomo, na hata wakati unatubu bado unaongea.

Haya, nimekukaripia. Sasa keti.

Kipawa chako ni cha kweli, sitakudanganya. Hiyo ya chupa ya chai nimecheka peke yangu hapa mezani, halafu nikaacha kucheka. Wachache wanaweza kumfundisha mwenzao kwa kitu ambacho ameshika mkononi kila siku, na naona mlivyokuwa na njaa ya neno rahisi huko kwenu. Na najua uchovu wa kutakiwa kila wiki uwe na kitu. Mimi nina ukurasa huu, nakuelewa kuliko unavyofikiri.

Lakini mimi pia nimelima, miaka ishirini, na nimesoma shamba lako upya. Nusu ya shamba la Kiptum ilikuwa fupi kwa sababu mbegu yake ilikuwa inaota mlimani, kwa mjane ambaye angefukuzwa. Neno la Mungu linamwambia mkulima asivune mpaka pembeni, amwachie mjane na mgeni. Rafiki yako hakuacha pembe, aliacha nusu. Fundisho kubwa kuliko yote uliyowahi kuona lilikuwa linakungoja hapo njiani, na ukalipita kwa sababu Alhamisi hiyo ulikuwa unatafuta mtu mbaya. Uliona mahindi mafupi, na aliyekuwa anajua sababu yake katika ushirika mzima, ukimtoa Cheptoo mwenyewe, ulikuwa wewe.

Ndiyo, Cheptoo alimdanganya bwana yake, na Rotich wa watu akatukanwa bure. Hilo ni kosa na liko kati yake na Kiptum. Lakini katika fundisho lako kulikuwa na mama mmoja. Pale ghalani mlikuwa wawili mkipukuchua. Huyo wa pili alienda wapi?

Kuhusu wale wanne waliotubu, nafurahi nao. Usiwatumie kama kinga. Mungu alishawahi kusema na mtu kwa kinywa cha punda, na punda hakualikwa Kitale.

Kwa hivyo sikiliza. Kitale hutaenda na fundisho hilo. Mwambie pasta wiki hii, uso kwa uso, kwamba ulimtoa mwenzako mbele za watu bila ruhusa yake na huwezi kulirudia. Akikuuliza zaidi, usimweleze zaidi, si lako kueleza. Kama atakasirika, atapoa. Roho Mtakatifu hatakosa msemaji kwa sababu wewe umebaki nyumbani.

Kwa Cheptoo uende mwenyewe, mchana, bila sukari na bila mama mwingine wa ushirika wa kukusindikiza. Sukari ni ya kuomboleza na ya kupongeza, si ya kununua mtu. Umkute shambani akifanya kazi, na kama kuna jembe la pili, lishike. Usimwambie "kama nilikukosea," kwa sababu unajua ulimkosea. Usimwambie jina hukulitaja, hiyo umeshaisema na umeona ilikokufikisha. Mwambie ulichofanya, vile umeniambia mimi: kwamba ulimwona ameinua birika na ukaendelea, na kwamba dada yake ulimwacha nje kwa makusudi. Hiyo ya pili ndiyo inamuuma. Usiiruke.

Kisha umwulize kitu kimoja tu, kama angetaka mwende pamoja kwa Kiptum. Akikubali, wewe ndiye utakayeanza kuongea. Mwambie Kiptum, "Nilikuwepo, nilipukuchua, na mbegu haikuuzwa." Yaliyobaki atayasema mke wake mwenyewe, kwa maneno yake na kwa wakati wake. Mahindi ya mlimani yanakaribia kukauka sasa. Mtu mwenye akili akijua nusu ya shamba lake imemlisha mjane na watoto, mara nyingi hasira inabadilika, ijapokuwa siwezi kukuahidi ya Kiptum kwa sababu simjui. Lakini Cheptoo akikataa, akisema Kiptum asijue mpaka mavuno yaingie ndani, basi funga mdomo. Kufunga huku sasa kuwe kwa kweli.

Kwa ushirika utasimama mara moja tu. Sema, "Fundisho la mbegu nililowapa lilikuwa nusu, na nusu niliyoacha ndiyo ilikuwa na ukweli. Nimemkosea mtu. Mnisamehe." Halafu keti. Watakuomba hiyo nusu nyingine, nakuhakikishia, watakubembeleza mpaka chai ipoe. Usiwape. Na zile Alhamisi ambazo huna kitu, sema huna kitu. Imbeni, ombeni, mnywe chai mrudi nyumbani, hakuna aliyekufa kwa kukosa mfano wiki moja.

Umeniuliza kama atarudi. Sijui, mama. Huyo ndiye aliyempokea mtoto wako mikononi, na wewe ulimweka mbele za watu ameshika birika. Anaweza kukusamehe hapo hapo shambani, anaweza kukaa miaka miwili akichota maji mto wa mbali. Akikwambia ondoka, ondoka, na wiki ijayo urudi. Lakini kuna jambo moja nakukataza kabisa. Siku ukitoka kwake, iwe umesamehewa au umefukuzwa, utasikia ndani yako sauti ile unayoijua ikikwambia kuna fundisho hapa. Liache. Nenda nyumbani ukapike.