Kopo la Matope Nililomwaga

Jumanne, mvua tangu asubuhi.

Neema mwanangu, hujambo huko kambini mtoni? Sisi huku Ruhuwiko ni wazima. Bibi yako mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Anasema marahaba, kama ulisahau kumwamkia yeye ameshaitikia. Mdogo wako Tuma mzima, anakula kama mchwa. Na mimi nipo, ila moyo haujakaa.

Naandika kwenye hii blogu uliyonifungulia kwa sababu leo mchana kwenye simu nimekudanganya. Uliponiuliza lile kopo la matope makavu uliloacha chini ya meza, nikasema limemwagika.

Halikumwagika lenyewe.

Jumamosi ulipokuwa unakijaribu kile chombo chako cha kupimia matope ya mto, cha chuma chenye chupa tumboni, nilifurahi kweli kukusaidia. Wewe unapima matope kwenye mizani, unayatia kwenye pipa la maji, mimi nakoroga. "Koroga mama, yakitulia chini chombo kitatudanganya!" Unateka, unakausha, unapima tena uone kama chombo kinasema kweli. Tukacheka sana. Halafu nikakuuliza, haya matope ya wapi? Ukasema ya Ruvuma, pale kivukoni.

Pale palipommeza baba yako. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, Tuma tumboni, hukumbuki.

Tangu siku hiyo meza ile naiogopa. Nikifagia, nahisi mtu amekaa pale chini ananingoja nimalize.

Jana nikabeba kopo na jembe hadi nyuma ya nyumba, pale tulipozika mgomba badala ya baba yako, kwa kuwa mwili wake haukupatikana. Bibi yako akanikuta. "Mama Neema, mwanangu utamzika mara ngapi?" Nikajua nimegombezwa. Kumbe akanyoosha mkono, akalichukua kopo, akamimina mwenyewe.

Tukapumua sote wawili.

Leo ndiyo unaniambia, "Usijali mama, kesho naingia na mtumbwi nikachote mengine palepale. Bila matope ya mto huohuo sitajua kama chombo ni kizima."

Neema, ni mimi niliyekurudisha pale.

Sikukatazi kazi. Lakini mvua hii haikatiki na mto umejaa. Subiri maji yapungue. Mkubwa wako wa kazi akifoka, mwambie mama yangu ndiye aliyemwaga, anigombeze mimi. Na kama lazima uingie, vaa boya, ulifunge vizuri.

Ukikanyaga nchi kavu tu, kabla hujanawa mikono, nijulishe upesi. Huna salio, nibipu. Nitaelewa.