Ufunguo wa Sanduku la Siri

Kaka Makoye,

Mama mzima na mpunga umekubali, ila wewe nimekukasirikia.

Wenzako wa ofisini walikuja kupima kama lile sanduku la taarifa za siri, ulilosema linashinda filimbi za walinzi wetu wa sungusungu, linafanya kazi. Wakahesabu karatasi, wakafurahi, wakarudi zao Mpanda mjini. Hakuna aliyeuliza ufunguo anakaa nao nani. Anao Sylvanus, mwenyekiti wetu wa kijiji! Na mimi niliandika, bila jina, kwamba ng'ombe wa wizi wanalala kwenye zizi lake.

Jana kaja nyumbani, kamwamkia mama vizuri, kanirudishia karatasi yangu mkononi.

"Minza," kasema, "una mwandiko mzuri."

Waambie wenzako waandike kwamba taarifa zinafika.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mwandiko mzuri,
Minza