Mzinga wa Baba Katika Nyumba ya Maajabu

Shamba la Katani, Voi
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zenye joto la huku, maana joto ndilo kitu pekee tulicho nacho kwa wingi. Mguu wako unaendeleaje? Mbuzi wamezaa? Mimi ni mzima, ila miiba ya katani imenila mikono, na maji ya hapa yana chumvi hata chai inakataa kuwa chai. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu barua za lugha yetu siku hizi zinakwama kwa wale wa serikali wanaozifungua. Dada yangu Igoki atakusomea polepole na kukueleza. Na ninyi mnaofungua, someni tu, humu hamna siri.

Barua yako ilinifikia. Umesema ukoo umekaa ukaamua kwamba Baba amekufa. Ati tangu alipopanda Meru na asali yake na kukamatwa na askari kule ukingoni mwa msitu, hakuna aliyemwona. Kwa hiyo wewe unyolewe kichwa kama mjane, na Baba Mdogo aunguze alama yake kwa chuma cha moto juu ya mizinga ya nyuki ya Baba, iwe mali yake. Mimi kama mwana wa kwanza nitoe neno langu. Sasa Mama, ningesema nini? Kukubali nilishindwa, na kukataa sikuwa na habari yoyote mkononi.

Nilikuwa nikilala nakumbuka zile safari zake. Tunavuka mto Thuci alfajiri, mimi na kibuyu kidogo cha asali, yeye na vikubwa viwili, mpaka Kanyakine kule Meru, kwa watu wa migomba. Unakumbuka wale akina mama walivyokuwa wakimtania? "Mmbeere, asali yako ina mchanga!" Naye anawajibu, "Mchanga ndio utamu wenyewe, lamba!" Tulirudi na ndizi mpaka shingo zinauma. Nimezikumbuka ndizi zile, na nimemkumbuka yeye zaidi.

Basi jana kazi iliisha mchana, na Mwakio, Mtaita ninayelala naye chumba kimoja, akasema, "Twende kwa Mzee Dismasi ukacheke kidogo. Uso wako umekuwa kama wa mbuzi aliyenyimwa chumvi." Huyo Dismasi alikuwa mfanyakazi wa reli zamani. Sasa ana kibanda cha mabati kando ya barabara ya Mombasa, ameandika mlangoni NYUMBA YA MAAJABU, na watu wanatoa senti kidogo kuingia.

Mama, ungecheka! Kuna mwanambuzi mwenye vichwa viwili ndani ya chupa. Kuna jiwe linalofanana na kiazi, nami naapa ni kiazi kilichokauka. Kuna fuvu la simba ati alikula watu wa reli, nikamwambia, "Mzee, huyu ni fisi." Akanijibu, "Wewe umewahi kuliwa na simba? Basi nyamaza."

Ndipo nikaona pembeni mzinga wa nyuki. Umesimamishwa wima, mdomo juu, na kibao kimeandikwa NGOMA YA WAKAMBA. Mtu mmoja alikuwa anaupiga makofi. Nikakasirika, nikausogelea nimwonyeshe tundu la nyuki, na hapo nikaiona alama ya Baba: mistari miwili iliyopindana na tundu la moto katikati. Mama, alama ile hana mtu mwingine. Na mti wenyewe ulikuwa bado mweupe, haujaona moshi wala mvua. Mzinga ule ulikuwa umechongwa karibuni.

"Umeutoa wapi?" nikamuuliza Dismasi. Akasema askari wa kambi ya wafungwa iliyo huku nyikani humletea vitu vinavyochongwa na wazee waliofungwa, naye huwapa tumbaku. "Huu uliletwa juzijuzi. Nadhani ni wa yule mzee wa lori linalopeleka wafungwa kuvunja mawe. Kila wakipita hapa hugeuza shingo kukitazama kibanda mpaka naogopa itakatika."

Nikamwomba tuutundike nje, mzee yule auone akipita. Lo, alivyokataa! "Ukikaa nje, nani atalipa kuuona?" Mwakio akamsihi, mimi nikamsihi, mwishowe nikamwambia wazi kwamba ni wa baba yangu. Akaenda mwenyewe kuleta ngazi.

Niliutundika kwenye mti wa barabarani jinsi Baba anavyotundika: umelala, mdomo umeinama kidogo, na chini ya mdomo nimefunga kishungi cha majani mabichi ili nyuki wajue nyumba ina mwenyewe. Wewe unajua hakuna mwingine afungaye vile. Kisha nikasimama chini yake. Kusimama barabarani si kosa.

Lori likaja na vumbi lake, wafungwa wamejaa wamesimama, askari nyuma. Mzee mmoja akageuza shingo. Akauona mzinga, akayaona majani, akashuka kwa macho mpaka kwangu. Sikuthubutu kumwita, naye hakuniita. Alifungua shati, akajitemea mate kifuani, baraka ileile aliyonipa asubuhi niliyoondoka nyumbani. Kisha akafunga vifungo, na lori likaenda. Nililia pale mbele ya watu, wala sioni haya. Amekonda sana Mama, na meno ya mbele hayapo, lakini ni yeye.

Nisalimie Nyanya, mwambie ombi lake kanisani limesikika. Msalimie Shangazi aliyekuwa akinipikia njugu, na Igoki kwa macho yake mazuri ya kusoma. Baba Mdogo naye umsalimie kwa heshima, sina ugomvi naye. Ila chuma chake akikipasha moto, kiguse mizinga yake tu.

Na wakija wanawake wa ukoo na wembe, watengee viti, wape uji, kisha uwaambie warudi makwao. Wewe una mume.

Mwanao,
Njagi